Sungura Aliyemmeza Babu

Katika hospitali ile ya ghorofa tatu hakuna aliyemwita yule mzee kwa jina. Alikuwa Gurudumu. Walimwita hivyo wauguzi, wafagizi, madaktari waliokuja wakiwa vijana na kuota mvi mbele ya macho yake, na hata mhasibu asiyejua kucheka. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kwa nje, na mwendo wake ulikuwa wa kubingirika, kana kwamba aliwekewa ekseli kiunoni. Kazi yake ilikuwa moja tangu siku alipoajiriwa: kumtoa mgonjwa wodini na kumsukuma kwa machela hadi kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. Wengi wa aliowasukuma walikuwa watoto, kwa sababu wauguzi walishang'amua zamani kwamba mtoto akiletwa na Gurudumu hufika kimya.

Hakuwa na dawa yoyote mfukoni. Alikwenda taratibu tu, akamweleza mtoto yaliyo mbele kabla hayajafika. Sasa tunapita mlango unaolia. Sasa utasikia baridi. Sasa utaona watu wamefunika midomo, usidhani wamenuna. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Enzi hizo mama wa mtoto alitembea pembeni mpaka mlangoni, mkono wake juu ya goti la mwanawe, na pale mlangoni alisimama sista mkuu, mwanamke mnene aliyenukia sabuni ya kufulia, akampokea mtoto na kumbeba kiunoni kama wa kwake wa kumzaa. Jambo hilo halikuwa na jina. Halikuwa na semina. Watu walikuwa wakifanya kazi, basi.

Si kwamba kila cha zamani kilikuwa asali. Walikuwapo watoto walioshikwa mikono na miguu na watu wazima wanne, barakoa nyeusi ya mpira ikabanwa usoni mwao hadi wakalegea. Walikuwapo pia, wachache lakini walikuwapo, waliolala wasiamke, na habari zao hazikuzungumzwa katika chumba cha chai. Mashine za siku hizi zinazolia ti, ti, ti kando ya mgonjwa zimepunguza misiba, na anayebisha hilo ni mpumbavu. Lakini mtu anaweza kuikubali mashine bila kumkubali sungura.

Sungura alikuja na Kamati.

Kamati ya Utulivu wa Mtoto iliongozwa na kijana mmoja nadhifu, mvaa viatu bila soksi, aliyekuwa amesomea hofu. Ndiyo, hofu inasomewa siku hizi, na mtu anatoka na cheti. Wafagizi walimbatiza Bwana Utulivu siku hiyohiyo alipofika. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda watoto kwa dhati, kwa namna ambayo watu hupenda kitu walichokisoma sana. Aliingia na kigari chekundu cha betri, ili mtoto asilazwe tena kwenye machela bali ajiendeshe mwenyewe kwenda kupasuliwa. Akaingia na vazi la sungura, manyoya ya rangi ya waridi kuanzia shingoni hadi vifundoni, na kichwa kikubwa kama pipa la maji, vazi ambalo msukuma machela angelivaa na kumfuata mtoto hatua moja nyuma. Si mbili. Moja.

Mwanzoni sungura aliruhusiwa kusema. Wa kwanza kuvalishwa alikuwa Shoka, msukuma machela mwenzake Gurudumu, jitu refu lenye sauti inayotoka kisimani. Shoka akamwinamia mtoto wa kwanza, akamwambia hujambo. Mtoto yule alikuja kupatikana baadaye kwenye stoo ya mashuka, ndani ya kapu, akiwa amejifunika. Kamati ikaketi. Watu wenye akili zao wangemwondoa sungura. Kamati ilimnyamazisha. Likabandikwa tangazo ukutani: Sungura haongei. Sungura hupunga mkono.

Gurudumu alikataa kuvaa. Alisema hajasukuma watoto miaka yote hiyo ili aje kuzeeka akiwa mboga. Hakuna aliyemgombeza, alihamishiwa tu kwa wagonjwa watu wazima, ambao hawataki kuambiwa mlango gani unalia, wanataka kujua simu zao zitakaa wapi. Akawa anawasukuma kimya. Akipishana na kigari chekundu kwenye korido, na Shoka nyuma yake akipunga mkono kama rais aliyepinduliwa, aligeuza uso ukutani.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa mjukuu wake alipopata ngiri.

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka sita na jina la nyumbani lilikuwa Hakimu, kwa kuwa hakuna ugomvi uliopita mbele yake bila kuutolea hukumu. Aliwahi kumwachia huru paka wa jirani aliyeiba samaki, kwa sababu bakuli halikufunikwa, na hakuna aliyekata rufaa. Ngiri ilimtoka kinenani, uvimbe laini uliokuja akilia na kurudi akilala. Halafu siku moja haukurudi. Ulinasa. Daktari wa upasuaji aliurudisha kwa kuubonyeza polepole, mtoto akiwa amelegea kwa dawa, kisha akamwambia Gurudumu bila kuzunguka kwamba safari hii umekubali mkono, safari nyingine huenda usikubali, na utumbo ukikabwa humo hapana muda wa mchezo. Mtoto apasuliwe mapema. Wakapanga siku, Hakimu akaamka na kikohozi na makamasi, wakamrudisha nyumbani, maana kifua kibichi na dawa ya usingizi havipatani. Wakapanga siku ya pili. Safari hii kikohozi hakikuwapo. Siku ilikuwa hii, na kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba haifai kuharibika.

Baba mtu alikuwa dereva wa lori, yuko njiani na mzigo. Mama mtu, binti yake Gurudumu, alikuwa na kichanga ambacho kitovu hakijakauka. Basi aliyebaki alikuwa babu.

Jana yake daktari wa usingizi alipita wodini. Alikuwa mwanamke mfupi, sauti imekwaruza, macho ya mtu anayelala kwa mafungu. Akaketi kitandani kwa Hakimu akamwonyesha barakoa, siku hizi ni ya plastiki inayopitisha mwanga, akamwacha aishike na kuipuliza. Akamwambia hapa hatumpasui mtu akiwa macho. Kila anayepasuliwa hulazwa kwanza, akalala usingizi ambao ndani yake hasikii kitu, na mimi nakaa kichwani kwake mpaka aamke. Hakimu akauliza, je, mtu akijifanya amelala? Daktari akasema mashine inamsema. Hakimu akafikiri, akaona ni haki.

Kisha daktari akamvuta Gurudumu pembeni. Akamwambia kama mtu anavyomwambia mwenzake wa kazi kwamba mtoto akifika akilia kwa nguvu, mate na makamasi yakamjaa, koo linaweza kujifunga wakati wa kumlaza, na yeye hafanyi bahati nasibu na koo la mtoto. Akija ameharibika, atamrudisha wodini, ngiri au si ngiri, labda iwe imenasa. Gurudumu akaitikia. Alilijua koo linalojifunga. Alishawahi kusikia kimya chake kupitia mlangoni.

Jioni Hakimu akamwita babu yake karibu, akataka kujua nani atakuwepo.

"Mimi, mke wangu. Nitakushika mkono mpaka usingizi ukuchukue."

"Mpaka mwisho kabisa?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Ukikimbia nitadai talaka," akasema Hakimu, akageukia ukutani akalala fofofo. Babu yake aliketi kwenye kiti cha chuma mpaka kukapambazuka, na usiku wa juzi yake pia hakuwa amelala. Mtu ambaye amewaambia watoto wa watu wasiogope kwa nusu ya umri wake, sasa aliogopa mpaka meno yakamuuma.

Asubuhi ndipo alipokutana na Kipimo.

Kilikuwa kitu kipya kabisa cha Bwana Utulivu. Utafiti, alieleza kwa upole, umeonyesha kwamba hofu ya mkubwa humwambukiza mdogo, kwa hiyo hakuna mtu mzima atakayemsindikiza mtoto kabla ya kupimwa utulivu wake. Kilichomuudhi Gurudumu ni kwamba hilo lilikuwa kweli. Alilijua kabla ya huyu kijana kuzaliwa. Aliwaona akina mama waliotetemeka na watoto wao wakatetemeka nao. Lakini enzi zile ulimpa mama mkoba aushike, ukamtuma maji, ukamuuliza habari za shamba, mpaka akapoa. Hukumfungia nje.

Akaonyeshwa kadi yenye nyuso zilizochorwa, kuanzia inayocheka mpaka inayobubujika machozi, achague inayofanana na moyo wake. Gurudumu hakuzaliwa jana. Akagusa inayocheka. Bwana Utulivu akafurahi, akambana kidoleni kile kibanio cha kusoma mapigo. Kibanio hakijui adabu.

"Moyo wako unakimbia, mzee wangu."

"Nimepanda ngazi."

"Wodi hii iko chini, mzee wangu. Hakuna ngazi."

Akaambiwa avute pumzi ndefu, afikirie mahali panapompendeza. Gurudumu akafikiria korido ya zamani, kabla haijapakwa rangi za vipepeo, na mapigo yakazidi kupanda kwa hasira. Wakarudia. Yakapanda tena. Bwana Utulivu alisikitika kwa kweli, akamletea maji, akampa jarida la mapambo ya nyumba na kumwonyesha benchi la kusubiri. Mtoto hatakuwa peke yake, alimhakikishia. Atakuwa na sungura. Sungura anaruhusiwa kufika mpaka chumba kidogo cha kulazia, ambako mtoto hupewa usingizi kabla ya kuingizwa ndani, na sungura atamshika mkono mpaka mwisho kabisa.

Gurudumu akakaa kwenye benchi akilipima jambo hilo. Babu haruhusiwi. Sungura anaruhusiwa. Babu hupimwa, wafanyakazi hawapimwi. Akaliacha jarida pale benchini, akaenda kumtafuta Shoka.

Shoka hakuhitaji kubembelezwa. Alilivua lile vazi kama mtu anayevuliwa deni, akamvalisha mwenzake, akavuta zipu ya mgongoni kwa ule mkono wake wa kuvutia ng'ombe. Zipu ikauma shati la Gurudumu, Shoka akaona inakwama, akaongeza nguvu, ikapita. Tatizo lilikuwa urefu. Vazi lilishonewa jitu. Macho ya sungura yalifika juu ya utosi wa Gurudumu, kwa hiyo ikambidi atazamie mdomoni, kupitia wavu mweusi katikati ya yale meno mawili. Manyoya yalijikusanya magotini kama soksi zilizolegea. Makucha ya sungura, yale ya miguuni, yalikuwa makubwa mno kwake, akayaacha, akatoka na viatu vyake vya kila siku.

Hakimu alikuwa ameshaketi kwenye kigari. Alikuwa ametulia kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Tumbo lilikuwa tupu tangu usiku na alishalalamikia jambo hilo, akasikilizwa, akakubali. Aliuliza babu yuko wapi, Bwana Utulivu akamwambia babu anapumzika, ila atakwenda na rafiki. Hakimu akauliza rafiki gani, maana yeye hana rafiki hapa. Ndipo sungura alipotokea mlangoni, amebonyea magotini, akipunga mkono.

Mtoto akamtazama. Akabonyeza kitufe cha kuondokea.

Kile kigari kilikuwa na mwendo mmoja tu, mwendo wa mtu anayevuka chumba kuchukua kijiko. Hakimu alikanyaga, akabonyeza, akainamia usukani kama dereva wa mashindano, na kigari kikaendelea kulia ngrrr na kusogea vile vile. Nyuma yake sungura, kwa amri ya Kamati, hatua moja. Mtoto alipogeuka, sungura yupo. Alipotazama mbele na kugeuka tena, sungura yupo. Walipita dawati la wauguzi, wauguzi wakasimama kuwaangalia. Walipita benchi la kusubiri, ambapo mzee mmoja alivua kofia, haijulikani kwa nini. Kwa wote waliokuwapo, ilikuwa ni mbio. Ila hakuna aliyekuwa akikimbia.

Gurudumu, ndani ya joto lile linalonuka jasho la Shoka, aliona mabega ya mjukuu wake yakianza kupanda na kushuka. Aliyajua mabega hayo. Hiki ndicho alichokuwa amekihofia, na aliyekileta ni yeye. Akarudi hatua ya pili, ya tatu. Bwana Utulivu, aliyekuwa akitembea pembeni, akamwashiria kwa kidole: moja. Akasogea. Hakimu akageuka kwa mara nyingine, na safari hii macho yake yakashuka mpaka chini, yakatua, yakabaki hapo.

"Viatu vya babu," akasema.

Akaachia usukani. Kigari kikagonga ukuta taratibu, kikaendelea kuusukuma ukuta. Mtoto akaanza kulia, kilio kile cha chini kabisa ambacho hakijatoka vizuri lakini kiko njiani, na koridoni mote watu waliacha walichokuwa wakikifanya.

Gurudumu akalitazama lile tangazo ukutani kupitia meno ya sungura. Akavunja sheria.

"Mimi hapa, mke wangu. Niko humu ndani."

Kilio kikakatika. Sauti ilikuwa ya babu, bila shaka, lakini ilitoka tumboni, kwa mbali, kama mtu aliyetumbukia. Hakimu alishuka garini. Akaja karibu, akaweka sikio kwenye manyoya.

"Babu, amekumeza?"

Wapo watakaosema mtu mzima angekanusha. Angekanusha vipi? Alijaribu kukivua kile kichwa, kikagoma, kimeshonwa pamoja na vazi. Akamwomba Bwana Utulivu zipu. Bwana Utulivu alinong'ona kwamba kumvua sungura kichwa mbele ya watoto ni jambo ambalo Kamati imelikataza waziwazi, lina madhara ya kudumu. Muuguzi akamsukuma kando akaivuta mwenyewe. Haikwenda juu wala chini, imeng'ata shati na imeng'ang'ania. Akaja muuguzi wa pili. Mmoja alishika masikio, mwingine zipu, na Gurudumu akayumba katikati yao akipiga miayo ya kukosa hewa. Hakimu aliyaona yote hayo na akapata ushahidi wa kutosha. Hofu ilikuwa imemtoka. Kilichobaki kilikuwa ni hasira ya mahakama. Akampiga sungura teke la ugoko, babu akapiga ukelele, na mtoto akaomba radhi, lakini akamwomba babu tu.

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka, akatoka daktari wa usingizi kuja kuona makelele ni ya nini. Akamkuta mgonjwa wake amesimama peku, mikono kiunoni, mashavu yana machozi yasiyozidi mawili.

"Kammeza babu yangu," Hakimu akamwambia. "Mtoeni."

Daktari akamtazama sungura. Akaviona viatu. Alimfahamu Gurudumu miaka mingi, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Akamuuliza Hakimu, kwa heshima, tumtoeje?

"Si nyinyi ndio mnaopasua?"

"Ndio sisi."

"Basi mpasueni huyu kwanza. Lakini mlazeni. Ulisema hampasui mtu akiwa macho."

Bwana Utulivu akaingilia kati akisema kwamba vazi lina nembo ya Kamati, na hakuna lingine. Daktari wa usingizi hakugeuka. Alikuwa akimwangalia mtoto: pumzi zimetulia, pua kavu, akili yote iko kazini. Miaka yote ya kazi yake hakupata kuletewa mtoto aliyetulia namna ile kwenye mlango ule, na hakuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya manyoya. Akasema sungura aletwe ndani.

Kwa hiyo Gurudumu akalazwa kwenye machela, katika kile chumba kidogo cha kulazia, mara yake ya kwanza maishani. Aliijua machela ile kwa mikono. Hakuijua kwa mgongo. Ilikuwa nyembamba na ngumu, na mtu aliyelala juu yake huona dari tu na mapua ya watu. Taa zilikuwa kali. Kila aliyeinama alikuwa mkubwa. Miaka yote alikuwa akiwaambia watoto yaliyo mbele, na hakuna siku aliyowaambia kwamba watu wataonekana wakubwa hivi.

Hakimu alipandishwa kwenye kigoda. Akapewa barakoa, haikuunganishwa na dawa yoyote, hewa tu, akaiweka juu ya mdomo wa sungura kwa mikono miwili. Kutoka ndani Gurudumu aliuona uso wake kupitia wavu, umekunja nyusi.

"Utasikia harufu kama ya mpira mpya," mtoto akamwambia sungura, kwa ukali. "Usidhani tumenuna. Vuta pumzi. Babu, wewe usivute."

Lakini babu alivuta. Kulikuwa na joto mle ndani, na giza la upole, na yule mtoto alikuwa akihesabu kwa sauti ambayo haikuwa na woga wowote, na mtu huyu alikuwa hajafumba macho usiku wa juzi wala wa jana. Alijisemea anafumba kidogo tu ili mchezo ukamilike. Miguu yake ikalegea, kiatu kimoja kikadondoka sakafuni. Kutoka tumboni mwa sungura ukasikika mkoromo.

Watu wa chumba kile waliangaliana. Daktari wa usingizi akaingiza kibanio kwenye mkono wa manyoya, akakipata kidole cha mzee, akasoma. Mapigo yametulia, hewa nzuri, mtu kalala usingizi wa haki yake. Bwana Utulivu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alichungulia namba akanyamaza, kwa sababu kwa Kipimo cha Kamati yule mzee sasa alifaa kumsindikiza mtoto yeyote nchini.

"Amelala kweli?" Hakimu akauliza.

"Mashine imesema."

Basi wakapasua. Muuguzi alileta mkasi mkubwa wa kukatia bandeji, akakata kuanzia kidevuni mwa sungura mpaka kitovuni, taratibu asiliguse shati, na Hakimu akisimamia. Kichwa kikavutwa pembeni kama kifuniko. Babu akatokeza, ameloa, mdomo wazi, akikoroma. Mtoto akamkagua uso, akamgusa sikio, akaona yu mzima. Muuguzi akataka kumwamsha. Hakimu akasema aachwe; mtu aliyetoka kumezwa anachoka.

Kisha akauliza sasa ni zamu ya nani, ingawa alijua, akapanda mwenyewe kwenye machela ya pili, iliyokuwa imesogezwa kando ya ile ya babu yake.

Gurudumu alipoamka alikuwa peke yake. Manyoya ya waridi yamemfunguka pande mbili kama koti. Aliitazama machela iliyokuwa jirani na haikuwapo. Alishuka haraka mno, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, akamkuta muuguzi akifuta meza, akamuuliza mtoto yuko wapi kwa sauti ambayo muuguzi yule alisema baadaye kwamba hataki kuisikia tena. Akaambiwa yuko ndani, wanakaribia kumaliza, mambo ni shwari, koo halikuleta matata yoyote. Hakulia. Alilala akiwa katikati ya swali.

Gurudumu akashika ukuta. Akasema alimwahidi mtoto atamshika mkono. Mpaka mwisho kabisa, alimwahidi hivyo, na yeye akalala kama gunia.

"Mkono alikushika yeye," muuguzi akamwambia. "Ilibidi tuuchomoe."

Akakaa sakafuni na vazi lake lililopasuka, na hakuna aliyemwambia ainuke. Alikaa hapo mpaka walipomwita chumba cha kuzindukia.

Siku zile zile Bwana Utulivu aliandika taarifa ndefu juu ya tukio hilo, na aliiandika kwa uaminifu, kwa hiyo hakuna aliyeiamini. Kamati ikaketi. Ingeweza kuamua kwamba babu wa mtoto aruhusiwe kutembea na mjukuu wake kwenye korido kama binadamu. Iliagiza sungura mwenye zipu ya mbele.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, katika chumba cha kuzindukia, Hakimu alikuwa amelala ubavu, rangi imempauka kidogo, midomo imekauka, na kando yake ile mashine ikilia ti, ti, ti. Daktari wa usingizi alikuwa bado ameketi kichwani kwake, kama alivyosema atakaa. Gurudumu akasogeza kiti, akashika mkono ule mdogo wenye bomba na plasta, akangoja. Baada ya muda mrefu macho yakafunguka nusu, yakahangaika, yakampata.

"Inauma," Hakimu akasema.

"Najua, mke wangu."

Mtoto akalifikiria jibu hilo huku macho yakifumba tena.

"Hujui," akasema. "Wewe ulipasuliwa nguo tu."

Babu yake aligeuka kumwomba daktari amwongezee mtoto dawa ya maumivu, akakuta daktari ameshainuka kuifuata.